Saa Kumi na Moja Hadi Saa Tano: Kusare Tei Ndani ya Nax

Hii story ni ya yule msee ameamka leo mangware ulimi umekauka, simu imejaa koli hakushika, M-Pesa imebaki na mbao, na ameambia roho yake: imetosha, nasare tei. Ni ya yule dame hunywa akiwa kejani pekee yake, pazia imeshushwa, juu mtaa humsema dame mlevi kuliko vile humsema chali mlevi. Ni ya chali wa nduthi, ya fundi wa mjengo, ya msoo wa Egerton pale Njoro, hata ya yule huuza kwa waines na anarudi kejani amewaka. Mimi nataka hii mambo iwezekane, na ndio maana nataka tubonge vile mtu anapita siku za kwanza hapa hapa Nakuru, kati ya Kaptembwo na Free Area, Rhonda na Section 58, Molo na Vasha.

Wengi wakisare huanza na chupa. Wanamwaga ile kakota imebaki, wanafuta namba ya jamaa wa delivari, wanaapa mbele ya mathe. Hiyo ni poa. Halafu jioni inafika na hawajui pa kuiweka. Tei ilikuwa inakupangia mambo mob: utaenda wapi ukitoka job, utakaa na nani, utacheka na nini, utalala saa ngapi. Ukiitoa, hiyo ratiba yote inaenda nayo. So kazi ya mwezi wa kwanza ni kupata jioni mpya, na kuishikilia mpaka izoeleke.

Ramani iliandikwa na mtu wa Vasha

Mwaka wa 2010 Bunge ilipitisha sheria ya kudhibiti vileo. Mtaani tunaiita sheria ya Mututho, juu iliskumwa na John Mututho, wakati huo akiwa mheshimiwa wa Naivasha. Ni sheria ilitoka kaunti yetu. Ndio ilisema msee hajafika miaka 18 asiuziwe, ikaruhusu chang'aa itengenezwe na kuuzwa kwa leseni, na ikaweka masaa: siku za wiki bar ifunguliwe saa kumi na moja jioni na ifungwe saa tano usiku, na wikendi na siku za likizo ianze saa nane mchana.

Wakati ulikuwa unakunywa, hizo masaa ulizijua kwa roho. Sasa zisome kama msee amesare. Jumatatu hadi Ijumaa ni masaa sita kila siku. Jumamosi na Jumapili ni masaa tisa kila siku. Piga hesabu: masaa 48 kwa wiki. Wiki nzima iko na masaa 168, so hizo zingine 120 mara nyingi uko wera, uko ndani ya mat, ama umelala. Hauhitaji kupigana na maisha yote mara moja. Uko na masaa 48 za kulinda wiki hii, na unazijua zinaanza saa ngapi.

Najua kuna waines hufungua mlango wa nyuma mapema, na kwa mama wa chang'aa hakuna mtu huangalia saa. Lakini mwili wako ulizoeshwa jioni. Cheki vile kibarua huisha. Mjengo inafungwa, fundi anatoa doh ya siku mkononi, uko na vumbi mpaka kwa nyusi, mgongo unauma, hujakula tangu ile githeri ya saa saba, na waines nne ziko wazi kati yako na keja. Doh, uchovu, njaa na mlango uliofunguliwa zinakutana dakika moja. Hapo ndio watu huanguka, na hapo ndio tutaweka nguvu.

Kabla ya yote, mwili

Hii part soma pole pole, juu inaweza kuokoa msee.

Kama unakunywa Ijumaa na Jumamosi tu, kusare kutakusumbua kichwa na usingizi, lakini mwili utastahimili. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi lazima utoe lock ndio mikono itulie, usisare ghafla ukiwa pekee yako kejani. Tei hutuliza ubongo, na ubongo ukitulizwa kila siku hujifunza kukaa juu juu ndio usizime. Ni kama dere anakanyaga mafuta na breki pamoja. Siku unatoa breki ghafla, gari inaruka.

Kati ya masaa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho, mikono inaanza kutetemeka. Unashika kikombe ya chai na mikono mbili na bado inamwagika kwa sosa. Jasho inatoka na Nax ni baridi. Tumbo inavuruga, roho inapiga mbio, usingizi unahepa. Kwa wengi inafika juu kabisa siku ya pili ama ya tatu, halafu inashuka. Lakini kwa msee amekunywa sana kwa muda mrefu, kifafa inaweza kumshika ndani ya masaa 48 za kwanza. Na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuanza kuona watu hawako, kuskia sauti haziko, kuchanganyikiwa, joto kupanda. Hiyo huua. Ukiona dalili kama hizo kwa beshte yako, usimwambie alale itaisha. Ita nduthi, ita tuktuk, mpeleke hosi saa hiyo hiyo.

Nax tuko na Level 5, ile wazee bado huita PGH. Molo, Naivasha na Gilgil ziko na hosi za serikali. Ukifika, ambia daktari ukweli: unakunywa nini, kiasi gani, tangu lini, na ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Ukipunguza hesabu juu ya aibu, atakupimia dawa ya mtu mwingine. Kuna dawa za kutuliza ubongo hizo siku, na kuna vitamini B1, inaitwa thiamini, juu tei huimaliza mwilini na kuikosa huharibu kumbukumbu. Hizo dawa za kutuliza usijinunulie kwa chemisti. Zingine hushika mtu vile tei ilimshika.

Hapo kwa keja, mwili unataka vitu rahisi: maji mob, uji, supu, ndizi, ngwaci. Wiki za kwanza utatamani vitu tamu kuliko kawaida, juu mwili ulikuwa umezoea kupata nguvu kutoka kwa chupa. Kula mandazi yako bila kujilaumu. Usingizi ndio hurudi mwisho. Unaweza kukaa wiki mbili tatu ukiamka saa tisa usiku ukiangalia mabati. Usiseme "kumbe bila tei siwezi lala." Tei ilikuwa inakuzimisha, na kuzima sio kulala. Usingizi wa ukweli uko njiani.

Jioni ya kwanza, hatua kwa hatua

Tuseme unatoka tao, unashukia stage mtaani saa kumi na mbili kasoro. Mziki inatoka kwa lokal. Moshi ya mutura inakupiga pua, na si unajua jamaa wa mutura huweka jiko yake karibu na mlango wa bar, juu customer wake wako ndani. Mtu anakuita kwa jina. Ukisimama kusalimia, umepotea.

So usifike hapo na njaa. Kula saa kumi kama unaweza: mayai boilo mbili, smocha, chochote. Badilisha njia, hata kama inazunguka dakika kumi zaidi. Shukia stage ya mbele halafu urudi na mguu kupitia kanisani. Kama fundi anakulipa keshi, mwambie akutumie kwa simu, na ukiipata irushe kwa mathe, kwa siz, ama kwa ile akaunti ya kulock ya M-Shwari, hapo hapo kabla hujatoka site. Msee akiwa na finje mfukoni anaenda kejani. Akiwa na punch mfukoni anaskia lokal ikimuita.

Ukifika keja, oga. Maji moto kama iko. Badilisha nguo ya job, juu ile nguo pia inajua njia ya bar. Pika kitu inachukua muda: maharagwe, chapo, ndengu. Mikono ikiwa na unga haiwezi shika glasi, na saa moja inapita ukisukuma.

Halafu hamu itakuja. Inakuja na nguvu, inakuambia hii haitaisha mpaka unywe. Hiyo ni uongo. Hamu hupanda, hufika juu, hushuka, na mara nyingi ndani ya nusu saa imepungua, hata kama hujafanya kitu ya maana. Kazi yako ni kupitisha hiyo nusu saa. Piga simu. Fua viatu. Enda kwa jirani mwenye watoto ukawasaidie na homework. Tembea mpaka dukani ununue maziwa, duka lenye halina chupa kwa rafu. Jiulize pia maswali nne: niko na njaa? Niko na hasira? Niko mpweke? Nimechoka? Mara nyingi moja ya hizo ndio inaongea kwa sauti ya tei, na ukiipatia jibu yake, tei inanyamaza.

Mbogi

Hapa ndio pagumu kuliko hosi. Mbogi yako sio watu wabaya. Ni masela mmetoka na wao mbali, walikuchangia wakati buda yako alilazwa, walikubeba usiku ulizima. Sasa unawahepa na inakaa ni kama umewadharau. Waambie mapema, mmoja mmoja, kwa simu ama mchana, sio ndani ya lokal saa mbili usiku. Maneno iwe kidogo.

"Leo ni raundi yangu. Unakunywa nini?"

"Soda. Krest baridi."

"Zii, umeokoka?"

"Nimesare tei, buda yangu. Leta soda ama usilete kitu, bado tuko tu poa."

Basi. Usianze kueleza maini yako, usiseme uko kwa dawa, juu wiki ijayo watakuuliza kama dose imeisha. "Nimesare" haina tarehe ya kuisha. Wa ukweli watakusumbua jioni moja ama mbili halafu wazoee. Kuna mmoja atakuvuta kando akuulize ulianza aje, juu na yeye anataka. Na kuna yule atamimina kwa glasi yako ukiwa choo. Huyo mpee nafasi, mwezi huu hauwezi kaa karibu naye.

Lakini ushauri wangu wa kwanza ni hii: hizo wiki nne usiingie lokal kabisa, hata kwa soda. Gemu ya Arsenal utaicheki kwa simu ama kwa kibanda ya muvi. Ukishajua kupita jioni bila tei, ndio utajua kama unaweza kukaa mahali iko.

Na kama unaskia Nax nzima inakunywa, cheki hii. Utafiti wa NACADA, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na mihadarati, wa mwaka wa 2022 ulipata Mkenya 1 kati ya 8, wa miaka 15 hadi 65, ndio hunywa pombe. Saba waliobaki wako wapi? Wako hapa. Ni yule jamaa wa posho mill, ni yule dame wa M-Pesa, ni mzee wa nyumba kumi, ni vijana wa kwaya, ni Waislamu wa Bondeni wakitoka swala, ni chali wa jimu. Hukuwa unawaona juu masaa yenu hayakuwa yanakutana. Sasa yatakutana.

Doh

Wacha tupige hesabu ya kawaida. Tuseme unanunua kakota moja ya soo mbili na finje kila siku. Wiki ni 1,750. Mwezi wa siku 30 ni 7,500. Na bado hujahesabu zile raundi ulinunulia watu hata huwajui, nduthi ya usiku, simu ilipotea, na ile siku ya job uliharibu ukiwa na hangova. Pima hiyo na rent yako.

Doh ikianza kubaki ni hatari pia, juu kichwa itakuambia umejitahidi, jipongeze. Ipatie kazi kabla ifike. Lipa deni ya duka, hata kama ni soo kila wiki, na umlipe mwenye duka kwa mkono, akuone macho imesafika. Ingia chama inakutana Jumapili saa nane. Nunua kitu moja inaonekana: blanketi, sufuria, viatu za kukimbia. Ukiamka uione.

Wikendi na sherehe

Jumamosi ndio mtihani, juu masaa ni tisa. Kata hiyo siku kuanzia asubuhi. Menengai iko hapo juu ya tao, kaldera ya karibu kilomita 12 kwa 8, na mdomo wake uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Toka mangware na wasee watatu wanne, sio pekee yako, mbebe maji na ngwaci. Ukifika pale juu ukiangalia chini ile mawe nyeusi ya lava ya zamani, mapafu yamefunguka, utajua mwili wako bado uko. Ukirudi saa saba umechoka vizuri, umekula, saa nane inakupata umelala. Kama kupanda si yako, kuna futa, kuna jimu, kuna kuosha keja yote na kufua. Jioni ya Jumamosi upange kitu iko na watu: kesha, chakula kwa siz, mazoezi ya kwaya, barbashop.

Halafu chora kalenda ya hatari. Safari Rally ilirudi kwa ratiba ya dunia mwaka wa 2021, na Vasha hiyo wikendi hujaa tei mpaka kwa barabara. Prinsloo Sevens ya raga ikifika, Nax inawaka. Kuna ruracio, kuna matanga, kuna Disemba yote. Na usisahau tuko kwa nchi ya shayiri: ile unaona ikipepea Mau Narok na Molo, nyingi huenda kutengeneza bia. Watu wetu wamelima hii kitu, wameuza hii kitu, wamelipa fees na hii kitu. So usitegemee mazingira ikuhurumie. Mwezi wa kwanza sherehe inaweza kukosa wewe. Rally itarudi. Kama ni matanga ya mtu wa karibu na lazima uende, fika mapema, saidia kubeba viti, shika kikombe ya chai muda wote, utoke kabla ya giza, na uwe umejua utarudi na gari gani.

Mwanaume wa rekodi nne

Hii Rift yetu imezaa wakimbiaji dunia yote inawajua, na mmoja wao alipigana na tei miaka mob. Henry Rono, mtu wa Nandi, alikuwa anasoma Washington State University huko Marekani. Mwaka wa 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Ile ya viunzi ilikaa mpaka 1989. Olimpiki hakuwahi kukimbia, juu Kenya ilisusia Montreal 1976 na Moscow 1980. Mwaka wa 1981 alivunja tena rekodi yake ya mita 5,000 pale Knarvik, Norway, na wakati huo tei ilikuwa ishaanza kumla.

Baadaye doh iliisha. Alilala nje. Aliingia rehabu mara mob na akatoka akarudia. Msee dunia ilimpigia makofi alikuja kubeba mizigo ya abiria kwa uwanja wa ndege wa Albuquerque. Hakuficha hiyo yote, aliiandika kwa kitabu yake, Olympic Dream, ya mwaka wa 2007. Akiwa na miaka zaidi ya 50 alikuwa amewacha tei, amerudi kukimbia, anakochi wengine. Mwaka wa 2019 alirudi Kenya, na Februari 2024 akatuacha akiwa na miaka 72.

Mimi nikimfikiria Rono naona kitu mbili. Kwanza, mapafu ya rekodi nne hayakumkinga, so wewe usijiambie uko ngumu hii kitu haiwezi kukushika. Ya pili, rehabu ya mara ya kwanza haikushika, na zingine zilizofuata hazikushika, na bado alifika. Na alipofika, cheki alijaza masaa yake na nini: kukimbia na kufunza. Vitu mikono na miguu inafanya, na watu wengine.

Mathe, na watu wa kejani

Kuna siku utaingia kwa nyumba umwambie, "Mathe, nimeacha pombe." Atakuangalia kidogo. "Haya. Kula kwanza, ugali inapoa." Na hiyo usiku bado ataweka mkoba wake chini ya godoro.

Usikasirike. Ameskia hiyo ahadi mbele ya pasta, mbele ya ankol, mbele ya karao. Maneno yako ilikwisha bei, na bei hurudi pole pole kwa vitendo: umefika saa moja leo, umefika saa moja kesho, umeulizwa doh ya stima ukaitoa. Usiombe msamaha kila siku, inachokesha watu. Fanya kitu. Tengeneza ule mlango ulivunja. Peleka mtoi shule. Na kama ulimpiga mtu ama ulimuumiza, jua yeye hana deni ya kukuamini haraka juu wewe umeanza kuskia vizuri.

Ukiwa dame na uko na watoi, tafuta dame mwingine wa kuambia. Mmoja tu, mwenye mdomo yake imefungwa. Ile siri ndio ilikuwa inakurudisha kwa chupa, na ikishaskiwa na mtu mmoja inapoteza nguvu nusu.

Ukiteleza

Wengi huteleza. Ikikufikia, ile kitu mbaya zaidi unaweza kufanya ni kusema "nishaharibu, acha nimalizie wiki." Glasi moja ni glasi moja. Weka chini, toka hapo, piga simu. Kesho ukiwa umetulia andika: ilikuwa saa ngapi, wapi, na nani, nilikuwa na doh ngapi, nilikuwa nimekula? Utapata ile shimo kwa ratiba, na wiki inafuata unaiziba.

Jua pia hatari mbili. Mwili ukikaa wiki bila tei, ile kiasi ulizoea kunywa sasa inakuangusha vibaya, so msee anaeza zimwa na kiwango kilikuwa kawaida yake. Na msee akiteleza hana doh hununua ile ya bei ya chini kabisa, haina leseni, hajui imetoka wapi. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 80 kwa kaunti kadhaa. Februari 2024 watu zaidi ya kumi walikufa Kangai, Kirinyaga. Methanoli huwezi ijua kwa ladha. Inaharibu mshipa wa macho na inaua. Ukiona ukungu machoni baada ya kunywa, hiyo sio hangova. Ni hosi, na ni saa hiyo.

Mahali pa kubisha

NACADA iko na laini ya 1192, ni ya bure, piga hata kama simu haina kredo. Waulize rehabu gani karibu na wewe iko na leseni, juu si kila geti imeandikwa rehabu iko na daktari. Kabla ulipe, uliza kuna nesi usiku, kuna mshauri wa kweli, familia inaruhusiwa kukutembelea? Mahali wanafungia watu na kuwachapa, hapana.

Alcoholics Anonymous, ile watu huita AA, ilianza Akron, Ohio, mwaka wa 1935 na walevi wawili, mmoja akiwa daktari, wakigundua mlevi akibonga na mlevi mwenzake masaa yanapita na hanywi. Iko na vikundi hapa Kenya. Hulipi kiingilio, na unatumia jina la kwanza tu. Kama imani ndio inakubeba, kanisa na msikiti ziko na watu walipita hapa. Shika mkono wao bila aibu. Kama si njia yako, mshauri wa hosi ama kochi wa futa anaweza kuwa huyo mtu. La muhimu uwe na namba mbili kwa simu za watu watashika saa mbili usiku.

Na wewe bado unakunywa, hii ya mwisho ni yako. Msee wa mbogi yako akikuambia amesare, usimpime. Usimwambie moja tu haiwezi mdhuru, juu kwake moja ndio mlango. Usimuite mama, usimuite pasta. Mwitie chakula mchana, mchape stori hapo kwa stage, mwambie akupigie akilemewa. Na saa kumi na moja ikifika na wewe unaelekea lokal, mlipie mat aende home.